Bastola Yangu kwenye Choo cha Wakwe

Hii hadithi mke wangu amenikataza kuisimulia mbele ya watu wa kanisa, na mwanangu amenikataza kuisimulia mbele ya mtu yeyote mwenye masikio, lakini kwa vile nyinyi mmeshaisikia vipande vipande huko Kaaga, tena vipande vya uongo (kuna mtu anasema nilipiga mbuzi risasi, mbuzi gani jamani?), afadhali mnisikie mimi mwenyewe. Aibu ilishanipata, na ilinipata nikiwa nimevaa suti. Chekeni tu, lakini mkicheka mjue mnamcheka mtu mzima wa miaka hamsini na tisa.

Mnajua mimi ni mtu wa duka, nauza simiti, nondo, misumari na mabati. Sasa miaka michache iliyopita, jioni moja nikifunga, waliingia wanaume watatu wakauliza misumari ya mabati, na nilipogeuka kuitafuta wakanikamata mkono wa kulia wakaukunja nyuma mpaka nikasikia kitu begani kikilia kama kuni kavu, halafu wakanifunga kwa waya wa kufungia nondo, waya wangu mwenyewe niliotoa kiwandani. Walichochukua walichukua, hiyo si hadithi ya leo. Hadithi ni kwamba tangu siku hiyo moyo wangu haukutulia. Mlango ukigongwa naruka. Pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu natokwa na jasho. Nikaomba leseni ya bastola, nikaulizwa maswali mpaka ya marehemu babu yangu, nikapewa. Na bega nalo likakataa kupona, daktari wa mazoezi akaniambia limeganda, yaani mkono wa kulia unapanda mpaka usawa wa mfuko wa shati halafu unagoma kama punda, na asubuhi Mama Mwenda, mke wangu, ndiye ananivalisha koti kama mtoto wa nasari.

Sasa bastola hubebwa ndani ya ala, ule mfuko wake, na msidhani ala ni kitu kidogo. Ya kwanza ilikuwa ya ngozi, ikikaa kiunoni kulia, nyuma kidogo ya nyonga, na ili ufikie mpini lazima urudishe kiwiko nyuma na juu, na huko ndiko bega langu lilikuwa limeapa haliendi tena. Nikabadilisha, nikanunua ile ya kuvaa kwapani yenye mikanda inayopita mabegani kama mkoba wa shule, nikidhani nimekuwa mjanja, kumbe uzito wote unakaa palepale panapouma, ikifika saa sita shingo imekakamaa na wateja wananiuliza mbona nawaangalia kwa kando.

Nikaenda kwa mzee mmoja anayeuza vitu hivi, mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Inua mkono."

Nikainua.

"Mpaka hapo tu?"

"Hapo tu, Mzee."

Akaingia nyuma akatoka na ala ya ngozi ngumu, akanionyesha inakaa kiunoni mbele, upande wa kushoto, mpini ukielekea kulia, ili mkono upite mbele ya tumbo tu na bega lisiwe na kazi, na mshipi wake mnene kama wa kufungia ng'ombe. "Uzito ubebwe na nyonga," akasema, "bega lipumzike. Kaa nayo nyumbani wiki nzima, bila risasi, uone." Nikaijaribu. Nikisimama, safi kabisa. Nikiketi, ile ngozi inanichoma tumboni (tumbo ni langu, sikuliazima kwa mtu), na mimi kwa jinsi nilivyokuwa siku hizo, mtu asiyeweza kutulia kwenye kiti dakika tano, nikakosa subira. Macho yakaangukia mkanda mmoja umening'inia ukutani, wa kitambaa cha kuvutika, mpana kama kiganja, laini, una mfuko wa bastola ndani, na unafungwa kwa ile gamu ya manyoya inayoshikana na kuachana kwa mlio wa krrrp. Nikauvaa. Ulibana kidogo. Nikaomba mkubwa zaidi.

"Huo ni mkubwa kwako," mzee akasema. "Utateleza."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kununua raha, sijaja kununua bendeji."

Akaniangalia hivi. "Sawa. Lakini inama, keti, chuchumaa, ndiyo uniambie kama ni raha."

Nikainama mara moja. Kuchuchumaa sikuchuchumaa, kwa nini nichuchumae dukani kwa watu? Basi hapo, marafiki zangu, hapohapo, ndipo shetani aliponiandikia risiti.

Siku mbili baadaye tulikuwa tunaenda Karurumo, kule upande wa Runyenjes, kumposea mwanangu Mwenda. Msichana anaitwa Wawira, mtoto mtulivu, mwalimu wa chekechea, na baba yake ni Mwalimu Nyaga, naye mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo kwa rula. Asubuhi Mama Mwenda akaniona nikijifunga ule mkanda chini ya shati, akasimama mlangoni.

"Baba Mwenda, hiyo kitu unaibeba uende nayo wapi?"

"Barabara ni ndefu."

"Tunaenda kuomba msichana, hatuendi kuiba ng'ombe. Iache kwa sefu."

"Siachi."

Akanyamaza, akanivalisha koti. Mke wangu akinyamaza hivyo mjue ameandika mahali.

Nikaendesha gari mimi, yeye kando yangu, na nyuma Mwenda na kakangu mkubwa, Mzee M'Ikiara, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, na wazee wetu wengine wakitufuata kwa matatu. Nkubu, Chuka, Runyenjes, na mnaijua hiyo barabara ilivyo na kona, kila kona mkanda unashuka kidole kimoja, mimi naupandisha kwa mkono wa kushoto, kona nyingine unashuka tena, mpaka kakangu akauliza kama nimeumwa na chawa.

Kwa Mwalimu Nyaga tulipokelewa kwa nyimbo. Mahema, viti vyenye vitambaa, spika mbili kubwa (moja ilikuwa imepasuka, inakoroma tu). Na kabla hata ya kutuketisha, Mwalimu akatushika mkono, akatupeleka nyuma ya nyumba kutuonyesha choo. Msicheke. Alikuwa amechimba choo kipya kwa ajili yetu, shimo la futi ishirini na zaidi, sakafu ya saruji, mabati yanang'aa, mlango wa rangi ya samawati. "Hiki hakijaingiwa na mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa na fahari ya kweli. "Wageni wangu ndio watakifungua." Kakangu akakisifu kwa dakika nzima. Na mimi kama mtu wa vifaa vya ujenzi nikagonga mabati nikasema kazi nzuri.

Tukaketi. Mchungaji wao akaanza maombi, na wale wanaojua maombi ya sherehe ya namna hiyo wanajua huwa yanapita kwa Ibrahimu na kwa Isaka kabla ya kufika kwa wenye nyumba. Nimeinamisha kichwa, nahisi bastola inateleza kuelekea kinena. Nikasukuma mkono wa kushoto ndani ya koti polepole, nikitaka kufungua kidogo na kukaza upya. Kimya chote kile, watu wamefumba macho, mchungaji amevuta pumzi, na mkanda ukasema KRRRRP.

Mchungaji alifungua jicho moja. Mama Mwenda akanifinya paja mpaka leo kuna alama.

Baada ya amina nikaenda kwenye choo kipya kujirekebisha. Nikarudi. Kakangu akaanza methali zake, kwamba tumeona ua zuri katika boma hili, na mimi nasikia tena inashuka, ubaridi wa chuma kwenye mfupa, nikakunja miguu, nikaikunjua, nikaegemea kushoto, nikaegemea kulia, bega likanikumbusha liko, nikainuka tena nikaenda chooni. Nikarudi. Akina mama wa pale wakaanza kuangaliana. Mama Wawira, Mungu ambariki, akaja akainama sikioni mwangu na kikombe kikubwa.

"Baba Mwenda, ni tumbo?"

Ningesema nini? Ningesema si tumbo, ni bastola?

"Kidogo tu," nikasema.

"Kunywa hii. Ni maji ya moto na tangawizi. Umalize yote."

Nikamaliza yote mbele ya macho yake, akanimiminia ya pili. Kwa hiyo mara ya tatu nilipoinuka sikuwa nadanganya tena, nilikuwa na haja ya kweli, tena ya haraka, na nilipita mbele ya wazee wa koo mbili nikitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Nikaingia, nikafunga mlango wa samawati. Nikafungua mshipi wa suruali kwa mkono mmoja, maana ule wa kulia haukuweza kushika koti nyuma. Nikachuchumaa. Ile nilivyochuchumaa, tumbo likakunjamana, gamu ikaachana yenyewe, mkanda wote ukalegea kama sketi, na bastola ikatoka kwenye mfuko wake taratibu kabisa, bila fujo, ikanigonga kisigino, ikaruka pembeni ya tundu, ikasimama pale ikifikiria.

Nikanyoosha mkono wa kulia.

Mkono wa kulia! Ule uliogoma! Ukafika nusu, bega likapiga kelele, nikapiga kelele, na kidole changu cha mwisho kikaigusa, kikaisukuma ndani. Sikusikia kitu kwa muda ambao niliona mrefu sana. Halafu chini kabisa, pu!

Nilibaki pale nimechuchumaa, nimeshika ala ya raha, haina kitu.

Sasa nawaambia ukweli, wazo langu la kwanza halikuwa la heshima. Nilivaa nikatoka, nikaketi nikatabasamu. Nikajiambia nitarudi siku nyingine, nitasema nimesahau saa. Nafikiria leseni. Nafikiria kupelekwa mahakamani. Nafikiria Mwenda, amekaa pale mbele na shati jeupe, anamwangalia Wawira kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi. Kakangu anaongea, sisikii hata neno moja. Ndipo nikamwona Cucu, nyanya yake Wawira, bibi wa miaka tisini hivi, anainuka na fimbo yake, anashikwa mkono na binti yake, wanaelekea nyuma ya nyumba.

Niliruka. Sijui kiti kilianguka wapi. Nilimpita Cucu mbio, nikasimama mbele ya mlango wa choo, nikatandaza mikono (wa kushoto ulitandazika, wa kulia ulibaki kama bawa la kuku lililovunjika).

"Cucu, usiingie! Tafadhali!"

Akaniangalia kutoka chini hadi juu. "We kijana," akasema, "msichana bado hamjapewa, na choo mmeshachukua?"

Wote walisikia. Wengine wakacheka, wengine hawakucheka, na Mwalimu Nyaga akaja akitembea polepole, mikono nyuma, vile walimu hutembea kati ya madawati.

"Mzazi mwenzangu, kuna nini?"

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini gani mbele ya watu themanini walionyamaza? Neno bastola lilipotoka, mama mmoja akaita Yesu, viti vikaanguka, mjomba mmoja wa Wawira akanyoosha kidole kwa kakangu, "Nyinyi watu wa Meru mlikuja kuposa ama kuvamia?" Na kakangu, msemaji wetu, mtu ambaye hajawahi kukosa neno hata kwenye matanga ya adui yake, alifungua mdomo, akaufunga. Mwenda aliniangalia tu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

Mwalimu akainua mkono mmoja. "Watoto waende kwa jirani. Hakuna anayekaribia hapa. Na polisi waitwe, ndiyo sheria." Hakunigombeza. Alitoa simu akapiga mwenyewe.

Alikuja koplo mwanamke, kijana wa umri wa binti yangu, na wenzake wawili. Akasoma leseni yangu, akasimuliwa yote mpaka habari ya tangawizi, akauliza kama risasi iko kwenye chemba, nikasema hapana, ziko kwenye magazini tu. Akasema hata kama, mambo ya silaha hayaendi kwa kuaminiana. Akamulika shimo kwa tochi, akasimama kando kidogo ya tundu. "Naiona," akasema. "Na naona tangawizi pia." Huyo koplo sijui nimchukie ama nimwombee.

Ni fundi wa spika aliyetoa wazo. Ile spika iliyopasuka ilikuwa na sumaku kubwa kama sahani, akaing'oa, wakaifunga kwa kamba ya ng'ombe. Koplo akaamuru watu wote warudi mbele ya nyumba, wajikinge kwa ukuta wa mawe, walale chini kama wanaweza, na ndipo mngeona wazee wa koo mbili, wenye kofia na mikongojo, wamejikunyata pamoja nyuma ya ukuta, mjomba aliyetuita wavamizi amemshikilia kakangu mkono, Cucu amekataa kulala akisema nguo yake ni mpya, na sufuria za njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe, zinachemka peke yake bila mtu.

Koplo akasema kamba nivute mimi, yeye atasimama kando kuelekeza, kwa sababu bastola ni yangu. Nikashusha sumaku. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili ikashika kitu, nikahisi uzito, nikaanza kuvuta, mkono wa kushoto unavuta, wa kulia unapaswa kupokea juu na haupandi, kamba inarudi, navuta, inarudi, jasho linaniingia machoni, bega linawaka moto, na nikajua nikiiachilia tena nitalia mbele ya askari.

Mikono miwili ikapita kando yangu ikashika kamba. Mwalimu Nyaga. Koplo akasema, "Mzee, rudi nyuma." Mwalimu akajibu, "Choo ni changu." Akavuta mkono juu ya mkono, taratibu, anapumua puani, viatu vyake vya ngozi vilivyong'arishwa kwa ajili yetu vimekanyaga ukingo wa choo chake kipya. Na ile kitu ikatoka. Sitaeleza ilivyokuwa. Mnakula.

Koplo alivaa glavu, akaondoa magazini, akaangalia chemba, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, na mimi nikatiwa nyuma ya gari lao kwenda kuandikisha maelezo. Ndiyo hivyo. Baba ya bwana harusi akaondoka kwenye posa ya mwanawe kabla ya chakula, amekaa kati ya askari wawili walioteremsha vioo vyote viwili.

Kituoni niliandika karatasi, nikaandika nyingine, nikaambiwa nikae kwenye benchi nisubiri mkubwa wao. Nikasubiri. Niliketi, nikasimama, nikaketi. Hakuna simu, maana simu niliiacha kwa koti la Mama Mwenda. Sikujua kama kule wanaongea ama wametufukuza. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipomwona Mwalimu Nyaga akiingia amebeba bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Akaketi kando yangu. Akanifunulia, njahi na kipande cha nyama.

"Kula."

Nilikula kwa mkono wa kushoto. Kabla sijamwuliza akaniambia mwenyewe, "Wazee wamekubaliana. Wamesema mtaleta beberu mmoja wa kusafisha boma, na Cucu amesema wewe mwenyewe uje kumwomba msamaha. Wawira alisema anamtaka Mwenda, sio baba yake."

Nikasema asante. Nikasema pole. Nikaanza kumweleza habari ya bega, ya ala ya kiunoni na ya kwapani na ule mkanda, kwamba mzee wa dukani alinionya, kwamba kosa lilikuwa saizi tu, na yeye akasikiliza yote kama anasahihisha insha. Nilipomaliza akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mzazi mwenzangu, ulikuwa unaogopa nini kwangu?"

Nilitafuta jibu. Nawaapia, nilitafuta. Nikaona viti vyenye vitambaa, nikaona wale akina mama wakiimba langoni, nikaona mtu aliyechimba futi ishirini ardhini ili mimi nisipate taabu. Nikaangalia bakuli. Yeye alikaa nami pale mpaka nikaachiliwa.

Leseni wanaichunguza bado, na hata wakinirudishia sijui kama nitaenda kuichukua ile bastola. Daktari wa mazoezi naenda kila wiki, na mtu mwingine wa kuongea naye pia nimeanza kwenda, Mama Mwenda ndiye alinitafutia, huyo haninyooshi bega, ananiuliza tu kuhusu ile jioni dukani. Nyinyi mkitaka kubeba silaha na mna maumivu, msikilizeni anayewapimia, mchuchumae hapohapo dukani hata watu wakiwacheka. Lakini mimi nimeapa: nikienda kwa mtu aliyenialika, nitaenda na mikono mitupu na woga wangu wote, anione nilivyo.